Kanuni ya Thelathini na Moja

Machi 4, Jumatatu

Dakika kumi na moja. Nilikaa benchi la nyuma nikiitazama saa ya ukutani, na dakika kumi na moja ndizo hakimu alizotumia kumtoa dada yangu katika nyumba aliyoishi miaka kumi na tisa. Akasoma, akafunga jalada, akanywa maji.

"Kwa mujibu wa Kanuni ya thelathini na moja ya Kanuni za Mila," alisema, "nyumba ya mume hurudi kwa ndugu wa mume, na mjane atarejea kwao." Kisha, kwa ile sauti ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, akasema mahakama inampa mama pole, ila sheria ndiyo hiyo, yeye hakuitunga.

Mdogo wa marehemu shemeji yangu, ndiye aliyefungua kesi, alitabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana. Mtu huyu hakubeba hata tofali moja. Kipindi chote cha ujenzi alikuja kula tu, tena alikuwa anauliza kama kuna nyama.

Dada hakulia. Alinigeukia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwetu wapi? Nyumba ya wazazi si tuliiuza kumuuguza mama?"

Tuna siku thelathini za kukata rufaa. Zikipita, vyombo vyake vinawekwa nje. Na mimi ni karani wa mahakama hii hii, mwaka wa ishirini na sita sasa, nimebakiza miezi minane nistaafu. Mtu angedhani hiyo ni bahati.

Machi 5, Jumanne

Mvua zimeanza. Rufaa haipandi bila nakala ya hukumu iliyopigwa chapa, na kupiga chapa ndiyo kazi yangu. Nikanyoosha mkono kuchukua jalada. Mzee Mihuri akaliweka chini ya kiwiko chake.

Mzee Mihuri ni mkuu wa masjala. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu karatasi haipiti mbele yake bila kugongwa, na kabla ya kugonga lazima isomwe mbele ya asili. Yaani mmoja anashika karatasi ya kwanza, mwingine anasoma nakala kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Nakala ambayo haikusomwa hivyo, kwake ni ya kufungia vitumbua.

"Mzee, nipe nilipige leo leo."

"Mwenye jalada ni dada yako, mama. Hulishiki."

"Basi nani atalipiga?"

"Mimi."

Anapiga chapa kwa kidole kimoja! Kidole chenyewe kina gauti! Niliondoka nikafunga mlango kwa nguvu, nikarudi kuufungua maana mkoba wangu ulibaki ndani.

Machi 8, Ijumaa

Ukurasa mmoja na nusu. Siku nne. Mvua.

Machi 12, Jumanne

Jengo letu ndiyo sheria yenyewe ya nchi hii, mtu hahitaji kwenda chuo. Sisi mahakama ya chini tuko chini kweli, vyumba vitatu vinavyonuka unyevu. Juu yetu ghorofani kuna mahakama ya wilaya, wana feni. Mahakama Kuu iko upande wa pili wa mji, ina nguzo na nyasi zilizokatwa vizuri. Juu ya hiyo kuna Mahakama ya Rufani, ambayo mimi sijawahi kuiona ila kwenye bahasha. Sisi wa chini tunawajua watu wenyewe, nani kajenga na nani kala, lakini neno letu halina uzito. Wa juu wana uzito wote na hawamjui mtu. Na mvua ikinyesha, maji ya kila ghorofa yanatushukia sisi.

Na hizi sheria zilitoka wapi? Za wakubwa zilikuja na wakoloni, kwa mstari mmoja tu: kuanzia tarehe fulani sheria za kwao zitatumika hapa. Basi. Watu waliamka wakiwa na njia zao za kuamulia mambo, wakalala wakiwa na sheria ya watu wengine. Ikabaki mirathi na ndoa, hayo wakasema tutaachiwa mila zetu. Wakamtuma afisa mmoja, akakaa siku tatu na wanaume wanne, akauliza, wao wakajibu wanavyopenda. Akaandika kitabu. Uhuru ulipokuja tukabadilisha jalada la kitabu na nembo iliyo juu yake, ndani tukaacha vilevile.

Mimi nawajua hao wanaume wanne. Si kwa sura, ila nawajua. Wamekaa, wamekunja miguu, wanaletewa chai na mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Ndio waliomtoa dada yangu. Leo nimewatukana peke yangu chooni mpaka mfagizi akabisha hodi.

Machi 14, Alhamisi

Nimepita kwa dada. Anafua mapazia. Mtu anatolewa nyumbani na bado anafua mapazia.

Mlangoni kuna ile ngazi ya saruji aliyoimwaga mwenyewe siku ya kuezeka. Kabla haijakauka, yeye na mumewe walibandika viganja vyao, na shemeji akachora tarehe kwa msumari. Viganja viwili na tarehe, miaka kumi na tisa vinakanyagwa na bado vinasomeka. Dada alibeba mchanga wa nyumba ile kichwani akiwa na mimba. Nywele za utosini hazijaota vizuri hadi leo.

"Mkienda huko juu," akaniuliza, "watakuja kuiona ngazi?"

Nikamwambia huko juu hawaji kuona kitu, wanasoma karatasi.

"Basi ipige hiyo karatasi."

Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba nimezuiwa.

Machi 18, Jumatatu

Mihuri ameanza kuchapa ukurasa wa nne, akaurudia kwa sababu ya nukta moja. Nukta!

Machi 21, Alhamisi

Leo nimeyaona kwa macho yangu. Saa nne, kantini, meza ya dirishani: Mzee Mihuri na mdogo wa marehemu. Wanakunywa chai. Yule bwana ameinamisha kichwa, anaongea taratibu, na Mihuri anatikisa kijiko.

Nilimsubiri masjala. Alipoingia nikamwambia, "Mzee, chai ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa na maji mengi."

"Dada yangu ana siku kumi na tatu, wewe unakunywa chai na anayemfukuza! Kama umeuza jalada sema, nijue moja."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai. Miaka ishirini na sita sijawahi kumwona mtu huyu akikasirika, na leo pia hakukasirika, jambo lililonitia hasira zaidi.

"Mama," akasema, "ile nakala ya Kanuni za Mila anayotumia hakimu, unaikumbuka?"

"Usinitoe kwenye mada."

"Haya," akasema, akavaa miwani.

Amejitia hamnazo, kama wote. Nimeandika barua ya malalamiko kwa wa ghorofani. Kesho naipeleka.

Machi 22, Ijumaa

Barua nimeipeleka. Imepokewa na karani mwenzangu wa juu, akaiweka chini ya nyingine. Mvua kubwa.

Machi 25, Jumatatu

Mihuri hayupo. Amechukua ruhusa ya siku tatu. Jalada liko kabatini, ufunguo anao yeye.

Machi 26, Jumanne

Hayupo.

Machi 27, Jumatano

Hayupo. Maji yameingia masjala hadi kwenye fundo la mguu. Tumepandisha majalada juu ya meza siku nzima, mimi na mfagizi. Zimebaki siku saba. Nilipiga teke kabati, sasa kidole gumba kimevimba na kabati halijambo.

Machi 28, Alhamisi

Amerudi. Viatu vyake vimelowa, anakohoa. Nimekataa kumwamkia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kutomwamkia mtu mzima.

Aprili 1, Jumatatu

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama yalivyotokea, nisome mwenyewe baadaye.

Asubuhi Mihuri aliniita. Mezani kulikuwa na hukumu, imeshapigwa chapa yote, safi. Pembeni kulikuwa na ile nakala yetu ya Kanuni za Mila, kurasa ishirini zilizobanwa kwa pini yenye kutu, ndiyo anayotumia kila hakimu aliyepita hapa tangu mchwa walipomaliza kitabu.

"Kaa," akasema. "Hukumu imetaja Kanuni ya thelathini na moja, kwa hiyo rufaa lazima iambatane na kanuni yenyewe, imesomwa mbele ya asili. Mimi nashika asili. Wewe soma nakala."

"Si ulisema nisishike?"

"Hulishiki jalada. Hizi ni kanuni. Kanuni hazina dada."

"Na asili umeipata wapi? Si iliisha?"

Akafungua bahasha ya plastiki. Karatasi za fotokopi, herufi za zamani zile nyembamba. Mahakama Kuu wana kitabu kimoja, kimefungiwa. Siku tatu alikaa kwenye korido yao akingoja mtu wa maktaba, kwenye mvua hii, na kifua chake kile. Nilitazama viatu vyake. Bado vilikuwa na matope.

Nikasoma. "Kanuni ya thelathini na moja. Mume akifa, nyumba ya mume hurudi kwa ndugu wa mume, na mjane atarejea kwao."

Nikaiweka nakala mezani.

"Endelea," akasema.

"Imeisha."

"Haijaisha."

Nikageuza ukurasa. Ukurasa unaofuata unaanza na Kanuni ya thelathini na mbili, ya mifugo. "Mzee, imeisha, tazama."

Hakutazama. Alisoma kutoka kwenye karatasi yake, taratibu, kidole chini ya kila neno. "Isipokuwa nyumba iliyojengwa na mke na mume kwa pamoja. Humo mjane atakaa maisha yake yote, wala hatatolewa na ndugu yeyote wa mume."

Nilidhani anatunga. Nikamnyang'anya karatasi. Ilikuwa pale, mistari miwili. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, yule afisa alikuwa ameandika maelezo: kipengele hiki kimeongezwa kwa shauri la mwanamke mmoja mjane, aliyeingia barazani bila kuitwa na kukataa kutoka mpaka kilipoandikwa na kusomwa mbele yake.

Jina lake hakuliandika. Lakini wale wanaume wanne niliokuwa nawatukana chooni walikubali. Mkoloni aliandika.

Ni nani basi aliyeifuta?

Mihuri alikuwa ameinamisha kichwa, anatafuta kitu ambacho hakikupotea kwenye droo. Ndipo nilipotazama chini ya ukurasa wa nakala yetu. Herufi mbili za mpiga chapa. Zangu. Na muhuri wa kuthibitisha, na tarehe.

Tarehe ile naijua. Naikanyaga kila nikienda kwa dada.

Ilikuwa siku ya kuezeka. Mihuri alikuwa amelazwa hospitali, funguo na muhuri ameniachia mimi. Hakimu wa wakati ule alitaka Kanuni zipigwe upya kabla kitabu hakijaisha kuliwa. Nilibakiwa na stensili chache, zile karatasi za nta za kutolea nakala. Ukurasa ule ulifika mwisho, ikabaki mistari miwili, na mistari miwili ingetaka stensili nyingine nzima. Nakumbuka kabisa. Nilijiambia nitaiongeza kesho. Saa saba nilikuwa nimeahidi kuwa kwa dada, niwapikie mafundi. Sikuisoma mbele ya asili, na hakukuwa na mtu wa kunishikia. Nikagonga muhuri mwenyewe, nikachukua kanga yangu nikatoka mbio.

Kesho yake sikukumbuka. Miaka kumi na tisa sikukumbuka.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Nilishuku wiki ya kwanza. Sentensi ile haikuishia kama inavyoishia kitabuni. Mimi kile kitabu nilikisoma nikiwa kijana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, bila asili?"

"Na yule bwana wa chai?"

"Alitaka jalada lipotee. Nikamwambia katika kazi hii nimepoteza nywele tu." Halafu akasema, bila kuniangalia, "Barua yako ya malalamiko walinirudishia mimi niijibu. Sijaijibu."

Nililia pale, kwa hasira, na safari hii sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Aprili 2, Jumanne

Fotokopi peke yake haitoshi. Nakala yetu ina muhuri wa mahakama, na yule bwana atasema muhuri ndiyo sheria. Lazima mtu aape ni nani aliyeiacha mistari ile na kwa nini. Mihuri alisema kuna njia nyingine, kuandika kwamba mpiga chapa hajulikani. Aliisema akitazama dirishani. Mtu mzima kama yule, anayerudia ukurasa kwa nukta moja, alikuwa tayari kunidanganyia.

Nikiapa nimemwaga unga. Miezi minane kabla ya kustaafu.

Nilikwenda kwa dada kwanza. Alikuwa anafunga vyombo kwenye maboksi. Nikamweleza nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Mimi ndiye niliyeacha kuandika."

"Siku ile uliyokuja ukasema umekuja mbio mbio mpaka ukasahau viatu vya kubadili?"

"Siku ile."

Alinitoa nje. Kabisa, kwa mkono, akafunga mlango. Nikabaki kwenye ile ngazi, mvua inaninyeshea, viganja viwili chini ya miguu yangu. Sikubisha. Ningebisha niseme nini?

Baadaye akafungua nusu.

"Kiapo unakula lini?"

"Kesho."

"Kale kwanza. Kugombana tutagombana baadaye, na tutagombana sana."

Akafunga tena.

Aprili 3, Jumatano. Siku ya thelathini

Nimeapa saa tatu asubuhi. Hakimu alisoma hati yangu, akaniangalia, akaisoma tena. Akasema, "Mama, unaelewa unachosaini?" Nikamwambia miaka ishirini na sita nawaelewesha wengine.

Akaanza kuhesabu vidole, kesi alizoamua kwa kanuni ile. Alipofika mkono wa pili akaacha. Nilimchukia sana mtu huyu tangu Machi. Leo nimemwona anaona aibu, na aibu ile niliitengeneza mimi.

Saa sita na dakika tano Mihuri alipanda na rufaa ghorofani, ngazi moja moja, anakohoa. Ikapokewa. Akarudi, akaniwekea mezani risiti yenye muhuri.

Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema. "Uliniruka Alhamisi."

Aprili 9, Jumanne

Zuio limetoka, dada hatolewi mpaka rufaa isikilizwe. Barua yangu ya kusimamishwa kazi imetoka siku hiyo hiyo. Wakitaka, wanaweza kufanya haraka.

Aprili 16, Jumanne

Nyumbani. Mvua. Nimefagia chumba kimoja mara tatu.

Aprili 22, Jumatatu

Kamati ya nidhamu wanasema ni kosa la kibinadamu. Mwenyekiti wa nidhamu kalisema mara nne, kwa upole, akidhani ananisaidia. Nilimjibu vibaya. Kosa la kibinadamu ni kumwaga chai. Mimi niliwaambia wanawake waliotolewa kwa kanuni ile, mmoja mmoja, pale dirishani, "Sheria ndiyo hiyo, mama, si mimi." Na aliyekuja siku ya thelathini na moja nilimwambia, "Umechelewa." Ndiyo maana hakuna rufaa hata moja ya mjane iliyowahi kupanda juu wakakitazama kitabu chao. Niliwafungia chini na juu.

Yule aliyeingia barazani bila kuitwa alisimama mpaka wakaandika. Mimi niliyeitwa, niliyelipwa, niliyekuwa na kiti, nilimfuta ili niwahi kupika.

Mei 13, Jumatatu

Dada ameshinda. Mahakama ya wilaya wamesoma Kanuni ya thelathini na moja yote, wameagiza nakala zetu zikusanywe. Mdogo wa marehemu ametishia kwenda Mahakama Kuu. Aende, kitabu kiko huko huko.

Dada alinipigia simu. "Njoo uchukue sahani zako," akasema, nikajua nimesamehewa robo.

Mei 17, Ijumaa

Mihuri alikuja hadi kwangu na bahasha. Ameipekua rejista yote, usiku wa mvua na mchana wa mvua, akaandika kila mjane aliyetolewa kwa kanuni ile. Ishirini na watatu. Chini amegonga muhuri.

"Nimeisoma mbele ya asili," akasema. "Wawili wamekufa."

Nikamuuliza kama mahakama itawaita.

"Mahakama haiiti mtu. Mtu ndiye anayeleta shauri, na akichelewa lazima aombe ruhusa na atoe sababu." Akanywa chai yangu mpaka ikaisha. "Hawa sababu wanayo. Ila hawajui."

Mei 24, Ijumaa

Mvua zinaisha. Leo nimekwenda kwa wa kwanza kwenye orodha.

Anapanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali, anashona vikapu. Nilimkumbuka kabla hajanikumbuka. Kesi yake ilikuwa mwezi mmoja tu baada ya siku ile, naye alikuja na watoto pacha, mmoja akatapika kwenye benchi, nikamwambia apafute. Akapafuta.

Alinipa kigoda. Nikamweleza yote, nikamsomea ile mistari miwili. Aliniomba niisome tena. Aliendelea kusuka, mikono haikusimama, ila kikapu kilianza kwenda upande.

"Kwa hiyo ilikuwepo," akasema.

"Ilikuwepo."

"Nyumba yangu walishaiuza. Mara mbili imeuzwa."

"Nitakuandikia maombi. Nitakuwa shahidi wako. Nitaapa tena."

Alisuka mzunguko mzima, halafu akauliza kama mtu anayetaka kujua tu, "Siku ile ulikuwa unaharakia wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia nilikuwa nakwenda kuwapikia mafundi, dada yangu alikuwa anaezeka nyumba yake.

Mikono yake ikasimama.

"Na nyumba ya dada yako ipo?"

"Ipo," nikasema.